Naomba Kula Zenu

Kwenye kalamu sina shida. Ulimi wangu ndio mkorofi: mimi ni Mganda kwa kabila, na r na l kwangu hubadilishana zamu bila kuniomba ruhusa. Hilo halikunizuia kufundisha Kiswahili, wala kuwa mkali darasani.

Likizo iliyopita nilimpeleka mwanafunzi wangu mmoja kwenye mafunzo ya uongozi ya shule za sekondari, pale Ntinda. Ni binti wa mwanajeshi kutoka kaskazini, amekulia kambini Mbuya. Siku ya mwisho washiriki walikuwa wamchague mwenyekiti wao, na kila mgombea alitakiwa ahutubie kwa Kiswahili, maana walikuwepo wanafunzi kutoka Kenya. Alikitaka kiti kile kwa moyo wote.

Tulifanya mazoezi nyuma ya ukumbi, wenzake wakinywa chai. Kila alipofika kwenye neno kura nilimkatiza. Nilisikia kitu kigeni kinywani mwake, nikamwambia aache Kiswahili cha kambini, aseme kama mimi. Akarudia na kurudia, mpaka nikaridhika.

Basi akapanda jukwaani, akaongea vizuri kweli, akamalizia:

"Ndugu zangu, naomba kula zenu."

Ukumbi mzima ulicheka. Kijana mmoja Mkenya akauliza kama wao walale njaa. Mwingine akasema huyu siasa anaiweza, hajachaguliwa na tayari anataka kula. Mkufunzi, mama kutoka Nairobi, akamuuliza kwa upole ni nani aliyemfundisha. Binti akanitupia jicho, akainama, akasema amekosea mwenyewe kwa sababu ya woga.

Alikuwa akinisitiri mbele ya watu. Sikuweza kuivumilia ile aibu, nikasimama.

"Kosa ni rangu," nikasema.

Walishika mbavu. Mimi nilibaki nimesimama, sijui hata nimesema nini, mpaka mwalimu niliyekaa naye akaninong'oneza kwamba nilitaka kusema langu.

Binti peke yake hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akairudia sentensi yake, na safari hii kura ilitoka safi, r ikitetemeka sawasawa, kama wanavyoisema kwao. Kumbe alikuwa nayo siku zote, na mimi, mwalimu mzima, ndiye niliyemnyang'anya.

Hakuchaguliwa. Hata walipopanga foleni kwenda kupiga kura walikuwa bado wanataniana kuhusu chakula.

Nje, tukingoja gari la shule, nilitafuta namna ya kumwomba radhi nikaikosa. Niliogopa hata kufungua mdomo. Yeye ndiye aliyeanza, kwa adabu yake ileile ya darasani.

"Mwalimu, tukifungua shule, niseme kura kama nyumbani ama kama unavyosema wewe?"