Jina Kwenye Mlango wa Nyuma

Kwetu sisi mafundi wa muziki wa matatu, ukifunga spika zikapiga vizuri, mwenye gari humwambia mchoraji aandike jina lako kwenye mlango wa nyuma. Jina langu lilizunguka Kibera nzima hivyo, hadi asubuhi moja matatu niliyoifunga muziki mimi mwenyewe ikapita mbele ya kibanda changu hapa Kianda ikiwa na jina la fundi wa Kawangware.

Wacha wee! Niliweka kikombe cha chai chini, nikatoka nje.

Fundi huyo tulijifunza kazi pamoja, na hata wakati huo hakuwa na subira ya kupima kitu. Sasa makanga wa gari ile alikuwa akining'inia mlangoni, ananicheka. "Buda, skia hiyo bass! Kumbe ulikuwa unatubania?"

Na ilikuwa inapiga kweli, mabati yangu yakitetemeka. Nilijua alichofanya. Gari ile ina spika mbili kubwa, kila moja na koili mbili, na kila koili ina ukinzani wa umeme wa ohm nne. Mimi nilikuwa nimezipanga amplifaya ione ohm nne, maana yenyewe imeandikwa isishushwe chini ya mbili. Yeye alizirundika koili zote pamoja, chanya na chanya, hasi na hasi, ikashuka hadi moja. Hapo umeme unamwagika, bass inapanda, na amplifaya inajipika yenyewe. Mwenye gari alinisihi sana nimfanyie hivyo, nikakataa.

Sasa nikamwonye? Ng'o! Kila ikipita nilitega sikio nikiomba inyamaze. Wateja walikuja kwangu, kwenye kibanda changu, kunisifia mtu mwingine. "Msee wa Kawa ni noma." Niliitikia kwa kichwa huku roho ikiniuma.

Ikanyamaza, siku ya mvua. Mwenye gari alikuja mwenyewe, amekumbatia amplifaya inayonuka kuungua. "Fundi, niokolee. Yule hashiki simu."

Nilifurahi, sifichi. Nilibadilisha vilivyoungua ndani, nikaunga nyaya upya: koili za kila spika zifuatane, kisha spika mbili ziwe sambamba. Nikapima kwa mita mbele yake, ikasoma karibu nne. Alipowasha, akafumba macho akitabasamu.

"Na mlango?" nikamuuliza.

"Mlango uko na shida gani?"

"Jina."

"Ah, fundi! Rangi bado mpya kabisa. Tuiache tu."

Asubuhi iliyofuata ikapita Kianda. Bass yangu, safi, kavu, haina mkwaruzo hata mmoja. Jirani yangu muuza mboga aliacha kukata sukuma, akatikisa mabega hadi gari ilipopinda kona na lile jina mgongoni.

"Huyo wa Kawangware," akaniambia, "si uende akufunze?"