Usaili wangu wa video uliangukia kwenye matanga, na parsele nzima ilikuwa inajua siri yangu

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni yule mwanachama anayesoma tu na kupita. Sijawahi kuanzisha uzi. Leo naanzisha, na yote nitakayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, hapa Goma. Sijaongeza chumvi. Hata nguvu ya kuongeza chumvi sina, nimechoka.

Swali lililoninyima usingizi halikuwa "nitajibu nini". Lilikuwa hili: niwaambie majirani kwamba nina usaili, au nikae kimya?

Najua mtacheka. Ngoja nieleze.

Nimemaliza masomo ya maabara ya tiba. Tangu hapo nafanya kazi ya kujitolea kwenye labo ya kituo kidogo cha afya. Kujitolea maana yake unachoka kama wenzako ila mwisho wa mwezi hakuna anayekuita kupokea mshahara. Niliomba nafasi nyingi, nyingi hazikujibu.

Halafu ikaja barua pepe moja. Mafunzo ya sayansi ya maabara, nje ya nchi, wanakulipia kila kitu, ukirudi una cheti kinachotambulika. Nimeteuliwa kwa usaili wa video, kwa Kifaransa. Wamesema wazi kwamba ambaye hatapatikana siku yake, nafasi inaenda kwa mwingine.

Nilisoma ile barua mpaka nikaanza kuitilia shaka. Labda wamekosea mtu. Labda kuna Kavira mwingine.

Sasa, huku kwetu safari haitangazwi. Kaka yangu Muhindo, ninayeishi naye, anayefanya biashara ya kwenda Bunagana na kurudi, alinisisitizia kabla hajaondoka:

"Usiseme kwa mutu. Hata kwa mama ya kanisa. Dosie, mambo ya safari, inasemwaka ukiwa umefika."

Wengine wanaogopa wivu, wengine wanaogopa uchawi. Mimi niliogopa kitu kingine. Niliogopa kuitwa Canada.

Kwenye mtaa wetu kuna kijana aliyetangaza kwamba anaenda Canada. Walimfanyia sherehe ya kumuaga, wakapika, wakaomba, wakapiga picha. Viza ikakataliwa. Mpaka leo anaitwa Canada. Watoto wanamwita Canada. Mama yake mzazi anamwita Canada, na hana ubaya wowote, jina limeshazoeleka tu.

Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nikishindwa kimya kimya naweza kuvumilia. Lakini kushindwa halafu kila asubuhi nikienda kuchota maji niitwe Labo? Hapana.

Nikanyamaza.

Nilijiandaa kama mwizi. Nilinunua laini mbili za mitandao tofauti. Nilihakikisha betri ya akiba imejaa. Nilitundika pazia jeupe kwenye kamba, mbali kidogo na ukuta, kwa sababu ukuta wetu ni mbao na nilihofia wasaili wataona matundu. Nilipima mwanga wa dirisha asubuhi, mchana na jioni. Niliandika majibu, nikayakariri, nikayafuta, nikayaandika upya. Kila nikitoka kazini nafunga mlango na kufanya mazoezi kwa sauti ya chini.

Niliwaza mvua kwenye bati. Niliwaza umeme kukatika. Niliwaza jenereta ya fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa kila kimoja nilikuwa na mpango.

Kifo sikukiwaza.

Jirani yangu ni Mama Furaha, mtu wa Masisi. Tunakaa parsele moja, yaani uwanja mmoja wenye nyumba tatu, choo kimoja na bomba moja. Dada yake, aliyekuwa akiishi Kibumba, alikuwa ameletwa hapa kwa matibabu na alikuwa amelala kwake kwa muda. Wiki ya usaili wangu, akafariki.

Kwa wasiojua matanga ya huku: msiba ukiingia kwenye parsele, si wa nyumba moja tena. Turubai linafungwa juu ya uwanja. Kila nyumba inatoa viti. Meza inatolewa. Wasichana wa parsele wanapika na kuosha vyombo bila kuombwa. Na wageni wanaotoka mbali wanalala kwa majirani, popote penye nafasi.

Na kwa kuwa Muhindo alikuwa safarini, mwenye nafasi alikuwa nani?

Nilirudi kutoka sokoni na mfuko wa maharagwe nikakuta kina mama wa Kibumba wamejaa chumbani mwangu na magodoro. Meza yangu iko nje, ina masufuria. Kiti changu kimekaliwa na mzee nisiyemjua. Pazia langu jeupe mmoja alikuwa amelivuta upande, akamfunikia mtoto.

Hawakukosea. Ndivyo inavyofanyika. Hakuna aliyejua kwamba lile pazia ni studio.

Tulizika. Usaili ulikuwa siku moja baada ya mazishi, na wageni hawaondoki haraka hivyo.

Nikaanza kuwaza njia. Kuvuka mpaka niende Gisenyi, nikae hotelini kwenye mtandao mzuri? Msichana wa parsele avae vizuri, abebe begi, atoke nje uwanja umejaa watu wa msiba? Wangenitazama mgongo mpaka nipotee. Niwaandikie wasaili niombe siku nyingine? Wameshasema nafasi itaenda kwa mwingine. Niende kazini? Hiyo siku labo ya kituo inajaa wagonjwa, na hakuna mlango unaofungika.

Nilikuwa naosha sahani huku nawaza. Nikagundua sahani moja nimeiosha mpaka imechoka.

Mwishowe sikuamua kwa ujasiri, wakuu. Niliamua kwa uchovu. Kichwa kilikataa kuendelea kubeba. Nikaenda kwa Mama Furaha. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amenyoosha miguu, kina mama wenzake pembeni.

"Mama Furaha, pole. Niko na neno."

"Kama ni maharagi imeungua, ambia wale bengine. Miye leo sina kichwa."

"Si maharagi. Ni kesho. Kesho asubuhi niko na usaili, kwa simu, na video. Ni ya kwenda kusoma. Sasa chumba..."

Akanikatiza.

"Ile ya labo?"

"Nani alikuambia?"

"Nani aliniambia! Kavira, kati ya kitanda yako na kitanda yangu kuko nini? Mbao! Hatulalake hapa kwa sababu yako." Akakaa wima, akakunja mikono kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "*Je suis une personne ri-gou-reuse.*"

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza. Mimi ni mtu makini sana. Aliisema kwa lafudhi yangu kabisa.

Kina mama wakaziba midomo kwa vitenge. Msibani hakuchekwi hadharani, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Mutoto yangu Furaha naye anaijua yote," akaendelea. "Anaisemaka akienda choo. Hata dada yangu, Mungu amupumzishe, aliniuliza: huyu mutoto anaongeaka na nani kila siku, bwana ya Ulaya?"

Akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Halafu akasema, huyu mutoto anasema mbio sana. Kama anakimbizwa. Akasema, umwambie apunguze mbio, watu hawatasikia. Mimi nikasema siwezi kumwambia, anaficha."

Mwanamke anaumwa, amelala upande wa pili wa mbao, ananisikiliza nikikariri, na anaona tatizo langu ni mbio.

"Sasa ulikuwa unamuficha nani, Kavira?"

"Niliogopa, Mama. Nikikosa, mutaniita kama Canada."

"Ukikosa tutakuita Rigoureuse," akasema. "Leo nimeshaanza."

Halafu akarudi kuwa mwenye msiba. Alisema chumba kitaachwa wazi. Alisema nyimbo hawezi kuzizuia, ni nyimbo za dada yake, na mimi sikuomba zizuiwe.

"Lakini pasta atakuja asubuhi," akasema. "Na pasta yetu akishaanza kuomba, nani anamusimamishaka? Akiwa anaomba, kwaya inangojaka."

Safari hii mmoja wa kina mama alicheka kwa sauti, akajifanya anakohoa.

Asubuhi walitoa magodoro. Alibaki shangazi mmoja wa Kibumba, miguu yake imevimba, hakuweza kukaa nje. Alijilaza nyuma ya pazia langu. "Miye sitakohoa," aliniahidi. Simu niliiegemeza kwenye bidoni, yaani dumu la maji, iliyopinduliwa juu ya kigoda, maana meza ilikuwa na kazi kubwa kuliko yangu. Mimi nilikaa juu ya sanduku la nguo.

Wasaili walikuwa wawili, mama mwenye miwani na bwana mmoja mpole. Mama akaniomba nijitambulishe.

Nikafungua mdomo ili niseme ile sentensi. Nikasikia kichwani lafudhi ya Mama Furaha, nikashindwa. Badala yake nikasema jina langu, kazi yangu, mahali ninapofanya kazi. Polepole. Kila nilipohisi naanza kukimbia, nilivuta pumzi.

Nje pasta alikuwa anaomba. Aliombea marehemu, akaombea wafiwa, akaombea barabara ya Rutshuru, akaombea waliolazwa hospitali zote. Sauti yake ilipita kwenye mbao kama redio ya mbali. Watu walikuwa wamesimama, nilijua, na baadhi yao ni wazee.

Walinipa swali la sampuli. Nikawaeleza siku nilipoletewa damu ya mtoto kwenye kichupa kisicho na jina, muuguzi akiwa na haraka, akiniambia kwamba yeye anajua ni ya nani. Nilikataa kuipima. Alinikasirikia sana. Damu ikatolewa upya, jina likaandikwa mbele ya mama wa mtoto. Yule bwana mpole akaandika kitu.

Mtandao ulikata mara moja. Nikabadilisha laini. Mikono ilijua la kufanya, angalau kwa hilo nilikuwa nimejiandaa.

Hata pasta ana mwisho. "Amina" ikatoka, na kwaya ikaanza papo hapo. Ngoma, kayamba, kina mama wote wa parsele. Shangazi nyuma ya pazia naye akaitikia sauti ya pili.

Mama mwenye miwani akainua uso. Akauliza ni nini hicho.

Nikamwambia ukweli. Kuna matanga uwanjani kwetu, jirani yangu amefiwa na dada yake.

Akanipa pole. Halafu akasema, kwa hali hiyo wanaweza kunitafutia siku nyingine.

Wakuu, hicho ndicho nilichokitaka wiki nzima. Siku nyingine, yenye utulivu, nijiandae tena, nikariri tena. Nikawafikiria waliosimama nje asubuhi nzima kwa ajili yangu. Nikafikiria kwamba nikipewa siku nyingine nitaitumia yote kuogopa.

Nikasema hapana, asante, tuendelee. Mkinisikia, mimi niko tayari.

Swali la mwisho lilikuwa: unafanyaje kazi vifaa vinapokosekana? Nilikuwa na jibu zuri la kukariri kuhusu mashine ya kisasa niliyoisoma tu. Nikaliacha. Nikawaambia kwamba umeme ukikatika tunasogeza hadubini ya kioo dirishani, tunageuza kioo mpaka jua liingie, na tunasoma malaria kwa mwanga wa jua. Wingu likija, tunasubiri. Hatukisii. Nilipaza sauti ili niishinde kwaya, na bado sikukimbia.

Wakanishukuru. Skrini ikazimika.

Nilitoka nje. Wimbo ulikuwa umeisha na uwanja mzima ukanigeukia. Kile nilichokimbia, macho ya watu wote, ndicho kilichokuwa mbele yangu.

"Rigoureuse!" Mama Furaha akaita kutoka kwenye mkeka. "Imekuwaje?"

Canada alikuwepo pia, amebeba viti viwili begani. Akavishusha.

"Ukikosa, karibu kwetu," akasema. "Miye nilikuwa peke yangu muda mrefu."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Majibu bado. Ikitoka, muzuri ao mubaya, nitasema hapa hapa."

Nikachukua sahani nikaenda kuosha.

Nilichojifunza: nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa watu, na watu walikuwa wameshaanza kujiandaa bila mimi. Kuficha kulinichosha kuliko kusoma. Sisemi kila mtu atangaze mambo yake, mnawajua majirani zenu. Mimi nasema ya kwangu.

Na yule marehemu sikuwahi kumshukuru. Ushauri wake wa kupunguza mbio, alioutoa kwa kunisikiliza kupitia ukuta, ndio uliofanya kazi.

Muhindo amerudi kutoka Bunagana. Amekuta parsele nzima inaniita Rigoureuse, amekasirika kidogo, amekula, amelala.

Majibu hayajatoka. Naweka uzi huu leo makusudi, kabla sijajua, ili nisipate nafasi ya kuufuta. Ninyi mnaofanya usaili, mliwaambia watu wenu au mlikaa kimya? Niandikieni hapa chini. Nitasoma yote, polepole.