Nilisema ni mimi niliyeweka ile chupa

Admin, nifichie jina, watu wa kanisa letu wanasoma hii page. Mimi ni mama wa miaka 27, nimezaliwa Kalamba, nimeolewa huku Matinyani. Bwanangu anafanya kazi Mombasa, kwa hivyo naishi na mama yake.

Mama mkwe hutengeneza sabuni ya kuuza soko. Mwaka jana alichanganya kostiki, ile dawa kali ya sabuni inayochoma, na maji, ingine ikabaki, akaiweka kwa chupa ya soda jikoni. Mimi nilikuwa nimeenda kuteka maji. Msichana wangu wa miaka minne akatoka kucheza na kiu, akadhani ni soda, akanywa. Nduru yake niliisikia nikiwa njiani. Nilimkuta midomo imefura, mate yanamwagika, hawezi kumeza.

Tukiwa hospitali bwanangu akapiga simu. "Ukimtaja mama, polisi watamchukua. Sema ni wewe." Mama mkwe alikuwa amenishika mkono, analia. Daktari alipouliza, nikasema ni mimi.

Mtoto alipona nusu. Koo limekuwa jembamba, anakunywa uji tu, na kila mara tunarudi kupanuliwa koo. Akituona tukila ugali anatoka nje.

Sasa juzi kwa maombi ya akina mama, mama mkwe akasimama: "Tumuombee mke wa mtoto wangu, Mungu amsamehe uzembe wake." Wote wakanigeukia.

Nyumbani nikamuuliza, "Mwaitu, mama yangu, mbona umesema hivyo na unajua ukweli?"

"Si ulikubali mwenyewe mbele ya daktari?"

Nafikiri siku hizi anaamini kabisa ni mimi. Na bado anatengeneza sabuni, bado anaweka kwa chupa za soda. Nilizitoa jikoni, akampigia bwanangu simu eti napigana na kazi yake. Kijana wangu mdogo ameanza kutembea, anafungua kila kitu. Namfunga mgongoni hata nikilima.

Nilimwambia bwanangu narudi kwetu na watoto. Akacheka. "Enda. Lakini watoto wanabaki. Nani atampatia watoto mama aliyechoma mtoto wake?"

Nikisema ukweli leo nitaitwa mwongo. Nikienda, nawaacha na zile chupa. Tafadhali msiniulize kwa nini nilikubali, hiyo najiuliza kila siku. Niambieni tu nitatokaje hapa na watoto wangu wote wawili.