Mafuta yalipopanda nilikaribia kuzitoa santuri zangu zikawe saa za ukutani, mpaka tulipokwenda harusini Endulen

Wakuu, habari za huko mliko.

Huku Karatu baridi imetushika, ila mimi nina joto la ushindi, na ushindi usiposimuliwa hugeuka kiungulia. Nitasema kweli tupu. Mke wangu anasoma jukwaa hili kwa jina la bandia, hivyo nikiongeza chumvi nitaumbuliwa kwenye comment ya kwanza.

Kwa wasionijua: nina umri wa kati, kitambi cha kati, na shahada ya historia iliyonifikisha kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mchana nauza misumari. Wikiendi naandika makala ambazo wahariri huzipokea kwa upole na kuzisahau kwa haraka.

Na nina ugonjwa mmoja. Mimi ni DJ wa santuri. Zile sahani nyeusi za plastiki, sindano inapita kwenye mistari, muziki unatoka. Nina plea mbili za kuzizungushia, miksa kuukuu ya kuunganishia nyimbo, na masanduku ya rumba na dansi la zamani.

Sasa tuje kwenye mafuta.

Hapa Karatu mafuta yakipanda huhitaji kufika kituoni kujua. Bodaboda anakutajia nauli huku akiangalia pembeni, wenye malori ya vitunguu ya Mang'ola wananuna, na kila mtu kijiweni anakuwa mchumi. Mimi nilijiona niko nje ya zogo hilo, maana santuri hainywi petroli.

Halafu duka la ng'ambo ninakoagiza santuri mpya likanitumia ujumbe wa kuomba radhi. Bei imepanda tena. Plastiki ya santuri inatokana na mafuta, mitambo ya kuikandamiza inakula nishati, na meli ya kuileta nayo inakunywa.

Kumbe miaka yote nilikuwa nakusanya mafuta yaliyogandishwa na kuchorwa mistari. Msomi mzima sikuwahi kujiuliza plastiki inachimbwa wapi.

Mama Neema, mke wangu, hakushangaa. Yeye alishapata mteja: bwana mmoja anayepamba lodge za barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Alitaka masanduku yote. Angepanua tundu la katikati la kila santuri, aweke mishale, iwe saa ya ukutani. Wazungu wanapenda, alisema huyo bwana.

"Baba Neema," mke wangu akaniambia, "mpya huwezi kununua tena. Za zamani hakuna anayezicheza ila wewe na mbu wa stoo. Zinasubiri nini?"

Nikajibu kwa hotuba ndefu kuhusu urithi wa taifa. Alisubiri niishiwe pumzi.

Tukakubaliana hivi. Mpwa wangu Paulina, binti wa dada yangu, alikuwa anaolewa na mwalimu wa Kimaasai kule Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Nitapiga santuri harusini. Watu wakicheza, masanduku yanabaki nyumbani. Wasipocheza, Jumatatu yule bwana anakuja na gari lake.

Tatizo ni kwamba harusi ilikuwa na DJ tayari. Kijana wa Karatu, anajiita DJ Kreta, ana laptop, ana mashine yenye taa za rangi zote, na ana ndevu zilizochongwa kwa rula. Kamati ilimkodi yeye. Mimi, kwa heshima ya ujomba, nilipewa kipindi cha wazee kabla ya chakula. Mnajua kipindi cha wazee. Ni muda ambao watu wanatafuta viti.

Tukafika. Sherehe za Endulen ni za mchana, kwa sababu wageni wa Karatu lazima warudi kabla geti la hifadhi halijafungwa jioni. Kwa sababu ya bei ya mafuta, kamati ilikuwa imebana petroli ya jenereta mpaka mwenyekiti, shemeji yangu Boay, akawa anatembea na dumu kifuani kama anabembeleza mtoto.

Tukapanga vyombo meza moja, mimi na Kreta. Spika na amplifaya zake tukaziweka pembeni chini ya turubai. Plea zangu nilizifunga mifuniko, miksa nikaifunika kwa khanga. Vumbi la Ngorongoro ukilikaribisha kwenye sindano halitoki. Masanduku nikayaacha wazi, watu waone. Nakiri kulikuwa na maringo kidogo.

Kreta akachungulia.

"Mzee baba, hizi sahani ni za kupakulia pilau?"

"Ni za kukufundishia adabu," nikamwambia.

"Zikikosa kazi nipe moja nikingie mvua."

Hapo ndipo babu wa bwana harusi, Mzee Saruni, alipotujia. Alikuwa na kibuyu cha maziwa na kishada cha majani mabichi. Alikuwa ametoka kuwabariki maharusi: unachovya majani kwenye maziwa, unanyunyiza, unaomba, watu wanaitikia. Ni baraka nzito, na haina mtu wa kuikataa.

Akasimama mbele ya meza. "Hizi ni nini?"

Angejibu mtu mwenye akili, angesema ni vyombo vya muziki, yakaisha. Lakini mimi ni mwandishi wa makala.

"Babu, hizi ni sauti za watu," nikasema, nikichomoa santuri moja kwenye jalada. "Wapigaji na waimbaji wa zamani. Wengine walishatangulia, lakini humu wamo. Wametoka mbali sana kuja kwenye harusi hii."

Mzee akaitazama santuri, akanitazama mimi.

"Wametoka mbali," akarudia. "Na hujawapa maziwa?"

Kabla sijairudisha santuri kwenye jalada, majani yakaingia kibuyuni. Akanyunyiza. Santuri mkononi, sanduku la kwanza, sanduku la pili, huku akiwaombea wageni wangu njia njema na ng'ombe wengi. Wazee nyuma yake wakaitikia. Mimi pia niliitikia. Ungefanyaje?

Kreta akacheka mpaka akashika meza. Mzee akamgeukia.

"Na hiyo yako ina watu?"

Wakuu, kijana angenyamaza. Lakini ujana nao una makala zake.

"Babu, hao wake ni wachache. Humu mimi nina maelfu."

Mzee Saruni akakubali kwa kichwa, kwa heshima kubwa. Wageni wengi namna hiyo si wa kunyunyiziwa kwa majani. Akainamisha kibuyu chenyewe.

Laptop ilivumilia kidogo. Taa za mashine zikawaka zote kwa pamoja, kitu ambacho Kreta mwenyewe alisema hajawahi kukiona. Kisha giza. Akaifuta kwa shati, akaipuliza, akaigeuza kichwa chini, maziwa yakadondoka kupitia herufi. Haikuwaka tena siku ile.

Najua mtauliza, simu je? Nyimbo zake zote zilikuwa ndani ya laptop. Mtandao pale ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua amealikwa na nani.

Boay akazima jenereta kuokoa petroli. Maharusi wamekaa, chakula kinakaribia, watu wote wanatazama meza yetu. Mama Neema alikuwa kiti cha mbele, mikono kifuani. Nikaona mishale ya saa ikizunguka kwenye uso wake.

Nikabeba masanduku kwenda kwa akina mama jikoni. Majalada ya karatasi yalikuwa yameloa, na kwenye mistari ya santuri maziwa yalianza kuganda. Yule mama aliyekuwa anasimamia wapishi, wanamwita Yeyo Nasieku, yeyo kwa Kimaasai ni mama, akaipitishia santuri kidole, akanusa.

"Maziwa hayatoki kwa maji," akasema. "Ngoja."

Akaenda motoni, akarudi na kijiti cha mzeituni pori, ncha inawaka kaa jekundu. Kwa wasiojua: ndivyo kibuyu cha maziwa kinavyosafishwa kule, kwa kaa la moto, na ndiyo maana maziwa yao yana ile harufu tamu ya moshi. Kwa kibuyu ni usafi usio na mfano. Kwa plastiki ni msiba.

Niliruka katikati ya kaa na santuri kwa wepesi ambao magoti yangu yalikuwa yameniambia hayautoi tena.

"Yeyo, hapana. Itayeyuka. Hii ni mafuta, ni ndugu ya petroli."

"Petroli?" Akarudisha kijiti nyuma haraka. "Na unaileta jikoni kwangu?"

Wapishi wakaangua kicheko. Nikaeleza: maji baridi, sabuni kidogo, kitambaa laini, ushike pembeni tu, usiguse mistari. Maji ya moto nayo hapana, zitajikunja kama chapati.

Basi wakazipiga msasa, wakuu, namaanisha wa maji. Beseni moja la sabuni, beseni moja la kusuuza. Dada zangu wa Kiiraqw, kabila letu la Karatu, upande huu, mayeyo upande ule, kila mmoja na santuri yake, wanafuta kwa khanga na kutaniana kwa lugha tatu. Kisha wakasimama kwenye upepo, wameziinua kwa vidole kama wanavyoinua mtoto mchanga kuonyesha wageni. Sahani nyeusi zinametameta juu, shanga za shingoni zinametameta chini. Nimesoma chuo kikuu na sijawahi kuona maktaba nzuri kama ile.

Yakawa maajabu madogo: maziwa yalitoka. Plastiki haikuyanywa. Mafuta na maji, tangu lini yakapatana.

Boay akawasha jenereta. Nikachomeka miksa kwenye amplifaya, nikafunua plea, nikashusha sindano. Ikatoa mlio kama wa bisi zinazopasuka. Kreta akafumba macho. Halafu gitaa likaingia, safi, na besi ikafuata.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Yeyo Nasieku, na khanga yake imeloa sabuni. Alikuwa ameosha wimbo ule kwa mikono yake, hakuna wa kumwambia akae. Wapishi wakafuata, kila mmoja akidai ipigwe santuri yake. "Weka yangu, yenye picha ya tarumbeta." "Yangu bado." Vijana wakaingia. Morani wakaipata rumba kwa namna yao, wanaruka pale ambapo besi inatua, na niwaambie ukweli, inakaa.

Vyombo vyangu havinywi umeme mwingi, kwa hiyo lile dumu la Boay likatufikisha mpaka muda wa kuondoka. Kreta naye akaomba ajaribu. Nikamwonyesha namna ya kuushika wimbo kwa kidole. Akaunganisha mbili bila mshono, vizuri kuliko mimi. Nikakohoa nikaenda kunywa soda.

Niliporudi, Mama Neema hakuwa kitini. Alikuwa katikati ya uwanja, viatu mkononi, anacheza na Mzee Saruni.

Tukapita getini kabla ya kufungwa. Mtandao uliporudi, akampigia yule bwana wa lodge mwenyewe. "Kaka, samahani. Zina kazi." Akakata. Mwanaume mwenye busara hushangilia kimoyomoyo mpaka afike Karatu.

Nilichojifunza, wakuu. Mafuta yakipanda, santuri mpya zitakuwa ghali, na sitajidanganya kwamba duka langu la misumari litazimudu. Lakini santuri ya zamani, mafuta yake yalishachimbwa, yalishasafirishwa, yalishalipiwa na baba zetu. Hakuna kituo kinachoweza kuipandishia bei. Inachodai ni maji baridi na mtu wa kuicheza.

Tangu harusi ile watu wananiletea dukani. Mjane mmoja kaleta za marehemu mumewe, zilikuwa zimeegemezwa nyuma ya kabati la vyombo. Mwalimu mstaafu kaleta gunia zima. Kreta anakuja Jumamosi tunaosha pamoja, na ameshapata mwaliko wa kuzipiga kwenye kipaimara.

Karibuni mchangie, wenye kubisha pia. Ila kwanza nenda ukainame, angalia chini ya kitanda cha wazazi wako, kisha urudi hapa utuambie umekuta nini.