Pembe ya Tatu

Kila nikifungua kopo la asali ya Sikonge nikanusa nta, vidole vyangu huukumbuka mkono wa mama.

Nilikuwa bado mtoto. Mama alikuwa amejifungua siku chache nyuma, akatokwa na damu nyingi. Hakuweza kusimama, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa amelala. Hospitali ya serikali ilikuwa ng'ambo ya reli, lakini shangazi alikataa katakata. "Huko kuna mumiani. Watamnyonya damu." Akamwita fundi wa kuumika.

Fundi alimchanja mama mgongoni, akabandika pembe za ng'ombe, akafyonza, kisha akaziba matundu ya ncha zake kwa nta aliyokuwa akiitafuna. Mimi niliambiwa nimshike mama mkono. Chini ya kidole changu mshipa ulipiga haraka haraka, mwembamba kama uzi.

Pembe ya kwanza ilitoa damu nyekundu. Ya tatu ilitoa damu nyepesi, kama maji yaliyooshewa nyama.

"Mnaona?" fundi akasema. "Chafu imekwisha. Sasa inatoka safi."

"Alhamdulillahi," shangazi akaitikia.

Mshipa ukatulia. Nikanong'ona kwa furaha, "Shangazi, mama amepata usingizi."