Bafu Lisilo na Paa

Nilitoka Kasikeu na mfuko mmoja wa turubai. Ndani yake mlikuwa na spana mbili, msumeno wa chuma, uzi wa katani na shati la kubadilisha. Kazi ya mabomba nilijifunza kwenye shamba la mkonge upande wa Kiboko, baada ya kuacha shule ya sekondari kwa sababu ambayo mpaka leo siwezi kuieleza, ila kusema kwamba miguu iliniwasha. Ilikuwa miaka ya thelathini, muda mfupi baada ya nzige kupita, na barabarani ulikutana na watu wengi waliokuwa wakienda popote penye chakula.

Lori la ngozi lilinifikisha Kitui. Jingine la chumvi likanichukua kutoka hapo, nalo likafia mbele kidogo ya Mwingi. Dereva akalala chini yake, kivulini, akaniambia, "Wewe una miguu, mimi nina gari. Nenda." Nikaifuata njia ya mifugo kuelekea Tseikuru. Nililala katika maboma ya watu wasionijua na kunywa uji wao wa mtama, na usingizini nikaota vilima vya kwetu, ambavyo nilikuwa nimevikimbia kwa furaha juma lililotangulia.

Aliyeniita huko alikuwa mwenye duka na mchuuzi wa ng'ombe, Mwislamu ambaye baba yake alihamia Tseikuru kutoka kaskazini mashariki. Alikuwa amenunua vyuma chakavu vya shamba letu la mkonge: mabomba, koki, na kichwa kimoja cha bafu chenye matundu, kama kile cha kopo la kumwagilia bustani. Aliniambia nikitaka kibarua nimfuate. Nilipofika nilikuta amekwisha kuviunga mwenyewe. Pipa lilikaa juu ya jukwaa la magogo. Kando ya jukwaa palikuwa na bafu la mabati ya madebe yaliyopondwa, lenye sakafu ya mawe na lisilo na paa. Akafungua koki. Maji yakatoka matundu mawili matatu tu, yakafuata shingo ya bomba na kuishia ukutani.

"Unaona?" alisema. "Hii maji inatoka kama machozi ya mamba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanivuta pembeni, akaniambia bafu lile ni la mama yake.

Mama yule vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa ugonjwa wa viungo. Hakuweza tena kushika kopo la kujimwagia. Wake za mwanawe walitaka kumwogesha, akakataa katakata. "Anayeogeshwa ni maiti," alikuwa akisema. "Mimi bado nasikia njaa." Koki ya bafu ilikuwa na mkono mrefu ambao angeweza kuusukuma kwa kiwiko, na mwanawe alitumaini hilo lingetosha. Lakini kwa maji yale alisimama kwenye mawe mpaka akatetemeka, na siku moja aliteleza. Mwana alikwisha kuamua. Msafara wa ngamia ulikuwa unakuja kuchukua nguo, sukari na ngozi kabla ya Ramadhani. Kama ukifika kabla mama hajaweza kuoga peke yake, utamchukua hadi kwa binti yake, mbali kaskazini, kwenye nyumba yenye wasichana wengi wa kumshika. Mama hakutaka. Kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya duka, na kila asubuhi alikwenda kuliondolea majani.

Basi nikaanza kazi, na hofu ikaanza pamoja nami.

Kwanza nilifungua kichwa na kuzibua matundu kwa mwiba wa mgunga. Yalikuwa safi. Nikafungua koki bila kichwa, na bomba tupu likatoa maji membamba vile vile. Hapo nikajua kizuizi kiko juu zaidi. Nikaongeza magogo ili pipa lipande na maji yapate nguvu, nguvu ikaongezeka kiasi cha kunidanganya. Kila jaribio lilimwaga maji, na maji hayo hayakutoka mbinguni. Mwanamke mmoja wa Kikamba aliyaleta kwa punda kutoka kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Nilimwita mwaitu, yaani mama, kama tunavyowaita kwetu wanawake wa rika lake. Heshima hiyo haikunisaidia.

"Wewe mtoto wa Kasikeu," alisema akiangalia tope miguuni pangu, "kwenu mawe huota yakimwagiwa maji? Punda wangu wanauliza."

"Waambie kesho nitakuwa nimemaliza, mwaitu."

"Hata jana uliwaambia hivyo. Punda hawasahau."

Nikafungua kiwiko cha bomba, pale linapopinda chini ya pipa. Ndani nikakuta mchanga wa mtoni. Nikausafisha, nikayafunga maungio kwa uzi wa katani yasivuje, na maji yakaja kwa kishindo. Mama mzee akaoga, akatoka akinukia sabuni, akaniuliza kama nimeoa, maana ana mjukuu. Nililala vizuri siku hiyo. Ijumaa asubuhi maji yalikuwa machozi tena.

Nikasafisha. Yakaja. Ijumaa iliyofuata yakakatika. Sasa wapita njia walisema msafara umeonekana upande wa Garisa, na mimi kila nikiona vumbi nililitazama mpaka ligeuke kuwa mbuzi wa mtu. Nilikuwa mgeni pale, bila shamba wala kaburi, ningeweza kufunga mfuko wangu na kwenda. Lakini kila asubuhi nilimwona mama yule akiinama nyuma ya duka, akivuta majani kwa vidole visivyofunguka.

Mara ya tatu sikuosha kiwiko haraka. Nilitia kidole ndani, nikachokora. Mchanga ulikuwa umegandishwa na kitu cheusi chenye kunata. Nikakinusa. Ilikuwa manemane, utomvu wa kufukizia.

Nilikwenda kumuuliza mama mzee, nikiwa nimesimama nje ya mlango. "Mama, pipa huwa mnalifukiza?"

"Kila Alhamisi," alijibu kwa fahari. "Kabla halijajazwa. Mama yangu alifukiza vibuyu vya maziwa, mimi nafukiza pipa. Hilo lilibeba mafuta ya taa, wewe hukunusa? Nisimame mbele ya Mola wangu nikinuka kama taa ya duka?"

Makaa waliyashusha ndani kwa chetezo, wakatupia manemane, wakafunika kwa mkeka. Moshi ule ulipogonga chuma uligeuka lami, lami ikateremka mpaka kwenye tundu la bomba, na mchanga wa mto ukanasa humo. Nilimweleza taratibu, nikiogopa.

"Kwa hiyo nimejifungia maji mwenyewe."

"Manemane ndiyo iliyofunga, mama."

"Na nikiacha kufukiza, nitanuka."

"Usiache," nikasema, bila kujua bado nitafanya nini.

Nilichofanya ni hiki. Nilikata gunzi la mahindi, nikalichonga liingie katika tundu la bomba kwa ndani, nikalifunga kamba ndefu ya mkonge iliyofika mdomoni mwa pipa. Siku ya kufukiza gunzi linaziba tundu. Baadaye pipa linakwanguliwa, kamba inavutwa, ndipo maji yanajazwa.

Msafara ulifika Ijumaa, asubuhi. Ngamia walipigishwa magoti mbele ya duka. Mwana akamwambia mama yake, kwa sauti ya mtu asiyependa anachosema, aoge ajitayarishe. Mama akaingia bafuni na kujifungia. Sote tukasikia mkono wa koki ukigonga, kisha kimya. Halikutoka hata tone.

Hapo nikaelewa. Mwenye punda alikuwa amekuja mapema alfajiri ile kwa sababu ya wageni, akajaza pipa kabla sijavuta kamba. Gunzi lilikuwa bado mahali pake, chini ya maji yote yale. Kulitoa kulihitaji mtu apande jukwaani, na aliyepanda jukwaani alimwona aliyeko bafuni kuanzia kichwa hadi mguu. Mwanamume yeyote asingeweza, hata mwanawe. Nami kupaza sauti kungemwambia mwana kwamba bafu limeshindwa tena. Alikuwa amesimama karibu nami, uso umeelekea mabati, akisikiliza.

Mwenye punda alikuwa akifungua madebe ya mwisho. Alinitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje.

"Ni nini? Umemeza spana?"

"Kamba, mwaitu," nilinong'ona. "Ile ya pipani. Ivute."

Hakuuliza. Akajitwika debe, akapanda jukwaa kama apandavyo kila siku, akasema kwa sauti kubwa, "Nyanya, usiogope, ni mimi tu, na nina kama hivyo ulivyonavyo!" Kutoka ndani kikasikika kicheko kifupi cha mzee. Mkono wake ukazama pipani, ukavuta kamba. Bomba likakohoa, likakohoa tena, halafu maji yakaanguka juu ya mawe kwa nguvu hadi ngamia mmoja akageuza shingo.

Mama alikaa humo muda mrefu kuliko haja. Alipotoka, nguo kavu, kichwa kimefunikwa, alipita mbele ya ngamia bila kuwatazama. "Wapakie ngozi," alimwambia mwanawe. "Ngozi hazina kaburi la kutunza." Mwana akainamisha kichwa, akaita wapagazi.

Nilibaki Tseikuru hadi mvua zikapita. Kisha miguu ikaniwasha tena, nikatamani Kasikeu, ingawa nilijua nikifika nitatamani kwingine. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumuaga mama, nikaambiwa yuko bafuni. Nikasimama mbali na mabati, mfuko begani.

"Mama, nakwenda."

"Unakuja tena?"

Sikuweza kusema ndiyo. "Sidhani, mama."

"Basi ngoja kwanza," alisema kutoka ndani. "Sikiliza."

Nikasikiliza maji yakipiga mawe, na harufu ya manemane ikija juu ya ukuta. Nilisimama pale mpaka yalipokatika. Alikuwa ameyafunga mwenyewe, kwa kiwiko.