Mama mkwe alipotupa miwani, tukashangilia. Kumbe jicho linaharibika!

Wakuu, heshima zenu. Haya hayakumkuta "rafiki yangu mmoja". Yamenikuta mimi mwenyewe, na kuku aliyeliwa alikuwa wangu.

Mama mkwe anaishi kijijini, upande wa Handeni. Miaka yote alisoma kwa miwani. Mwaka jana ghafla akaitupa! Anachambua mchele, hata kijiwe kidogo hakimpiti.

Akasema ni asali. Majirani wote wakaanza kulamba asali.

Mimi ni mkwe, ningebisha vipi? Nililamba pia.

Jumapili moja nikaenda kumsalimia. Nikashuka dukani kununua sukari, nikamwambia kijana wa boda atangulie na begi langu.

Mama akaona mtu na begi njiani. "Karibu mkwe wangu! Ingia ndani, chakula kiko mezani!"

Kisha akarudi zake jikoni. Mnajua heshima ya ukwe, mama hakai kumtazama mkwe akitafuna.

Boda hakubisha. Nafika, namkuta anamalizia paja.

"Bro, nimekaribishwa," ananiambia. Hata mdomo hajafuta!

Nilicheka, halafu nikaogopa. Huyu mama huvuka barabara ya malori kwenda shambani.

Mimi na mke wangu Zaina tukampeleka hospitali Korogwe. Daktari akammulika: mtoto wa jicho.

Akatueleza kwamba lenzi ya jicho imejaa protini. Ujanani zimejipanga vizuri, mwanga unapita kama kwenye ute wa yai bichi. Umri ukienda zinaharibika na kugandana, kama ute ukipata moto. Mwanzoni lenzi inakuwa ngumu katikati na kupinda mwanga zaidi, ndiyo maana vya karibu vinaonekana bila miwani, vya mbali vinapotea.

"Kwa hiyo si asali?" mama akauliza.

"Asali ni tamu tu, mama."

Akafanyiwa upasuaji, akawekewa lenzi mpya. Bandeji ilipotolewa akatazama milima ya Usambara dirishani, machozi yakamtoka. Nami yakaanza kunilenga.

Ndipo akanigeukia. Akanikagua juu mpaka chini.

"Zaina mwanangu, mumeo mbona mzee hivi?"

Zaina alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

Wakuu, mzee wako akiacha miwani ghafla, usishangilie. Mpeleke akapimwe.

Wenye wazazi "waliorudi ujana" semeni hapa. Atakayeniuliza umri, simjibu.